"Kaza bidii" si maelekezo: umakini na ari katika kujifunza stadi za michezo

Kocha wa Jioni (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni kocha wa kujitolea wa mpira wa kikapu, na wanafunzi wangu ni watoto wa kati ya miaka 12 na 15 ninaokutana nao jioni tatu kwa wiki. Mada hii imezaliwa na simu ya mwenzangu, aliyoiacha ikirekodi sauti pembeni mwa uwanja kwa saa nzima ya mazoezi bila mimi kujua. Niliposikiliza baadaye niliona haya, maana maneno niliyoyarudia kuliko yote yalikuwa "kaza", "jitahidi" na "weka akili hapa", na hapakuwa na hata mara moja nilipoeleza hiyo akili iwekwe wapi hasa.

Hoja yangu ni hii, na ninaileta ili ipigwe darubini: mara nyingi mtoto tunayemwita mvivu, au asiye na ari, hana upungufu wa bidii hata kidogo. Bidii anayo tele, ila imeelekezwa mahali pasipofaa, na walioielekeza huko ni sisi makocha kwa vinywa vyetu wenyewe. Ari ndiyo inayomleta mtoto uwanjani. Umakini ndio unaoamua atajifunza nini akishafika. Tukivitenganisha vitu hivi, kimoja tukakiita suala la moyo na kingine suala la kichwa, tunaishia kumhubiria mtu ambaye shida yake yote ni kwamba anakiangalia kiwiko chake.

Kiwiko nimekitaja kwa sababu. Nina mchezaji mmoja wa kike ambaye kwa wiki kadhaa nilikuwa nikimfundisha mitupo huru. Mstari wa mtupo huru uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao, ringi iko mita 3.05 juu ya sakafu, na upana wake wa ndani ni sentimita 45, yaani karibu mara mbili ya upana wa mpira wenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kukosea kidogo na bado akafunga. Mimi nilisimama pembeni nikitaja viungo vya mwili kama mchinjaji: kiwiko ndani, magoti yakunjwe, kiganja kimalizie, mabega yatulie. Kila alipokosa nikaongeza agizo jipya bila kuliondoa la zamani, hadi ikafika siku ambapo tendo linalochukua chini ya sekunde moja lilikuwa limebebeshwa amri tano. Ukimtazama kwa karibu ungeona anakitupia kiwiko jicho kwanza, kisha anakunja magoti, halafu anasita pale chini kana kwamba anasubiri ruhusa ya kuinuka, na mpira unatoka mkononi ukiwa hauna nguvu yoyote ya miguu, unagonga ukingo wa mbele wa ringi na kurudi. Baada ya muda akaanza kujipanga mwisho wa foleni, na akifikiwa na zamu anampisha mwenzake. Nikahitimisha moyoni kwamba amekata tamaa, na dawa niliyompa ilikuwa "kaza".

Jioni moja, kwa uchovu zaidi kuliko kwa busara, nilimwambia asahau yote niliyowahi kumwambia na afanye jambo moja tu, kuhakikisha mpira unauvuka ukingo wa mbele wa ringi ukiwa unashuka. Kufikia mtupo wa nne au wa tano, kule kusita kwenye magoti kulikuwa kumetoweka. Sisemi kwamba alianza kufunga kila mtupo, alikosa mingi. Hata hivyo mwendo wake ulikuwa mmoja, kutoka miguuni hadi kwenye vidole, na jioni ile hakumpisha mtu kwenye foleni.

Baadaye nilisoma na kugundua kwamba jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Mtafiti Gabriele Wulf ameeleza kwamba wazo lilimjia yeye mwenyewe alipokuwa akijifunza kugeuza ubao wenye tanga juu ya maji: alipofikiria miguu yake hakupiga hatua, na alipofikiria mwinamo wa ubao mambo yakaanza kumfungukia. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha majaribio ya watu waliokuwa wakijifunza kwenye mashine inayoiga mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Kundi moja liliambiwa lielekeze fikra kwenye nguvu ya miguu, na jingine lielekeze fikra kwenye magurudumu ya jukwaa walilosimamia, ambayo yalikuwa chini ya miguu ileile. Tofauti ya maelekezo ilikuwa ya sentimita chache tu, na bado waliofikiria magurudumu walijifunza vizuri zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mtu anapoufikiria mwili wake huanza kuusimamia kwa makusudi, na usimamizi huo huingilia kazi ambayo mwili ungeifanya wenyewe kwa wepesi. Anapoyafikiria matokeo ya mwendo, mwili hubaki huru kutafuta njia.

Upande wa ari nao una yake. Mwaka 2007 Suzete Chiviacowsky na Wulf waliwapa watu kazi ya kurusha vifuko vidogo vya maharage kwenye shabaha wasiyoiona. Kila baada ya mirusho sita, kundi moja lilipewa taarifa za mirusho yake mitatu iliyokuwa bora, na jingine taarifa za mitatu iliyokuwa mibaya zaidi. Sisi makocha, tunaoishi kwa kuokota makosa, tungeapa kwamba kundi la pili ndilo lingejifunza zaidi, kwa kuwa ndilo lililoonyeshwa pa kurekebisha. Ikawa kinyume. Mwaka 2016 Wulf na Rebecca Lewthwaite walizifunga nyuzi hizi kwenye kamba moja, wakasema kwamba kujifunza mwendo kunasaidiwa na mambo matatu, ambayo ni matarajio mema ya mwanafunzi kuhusu uwezo wake, nafasi ya kuchagua baadhi ya mambo mwenyewe, na umakini ulioelekezwa nje ya mwili.

Naomba michango, hasa kutoka kwa wanaoona kwamba nimepotoka.

Mlinda Lango Mstaafu

Kocha, nimeisoma mada yako mara mbili, na ninaomba kutofautiana nawe mahali pamoja. Unazungumza kana kwamba anayeanza na aliyekwisha kukomaa ni mtu yuleyule. Tangu mwaka 1967, Fitts na Posner walipogawa safari ya kujifunza stadi katika hatua tatu, imekuwa ikifahamika kwamba mwanzoni mtu hutumia akili nyingi kujua afanye nini hasa, kisha huanza kuunganisha na kurekebisha, na mwishowe mwendo hujiendesha wenyewe. Anayeanza akiacha kujiangalia, atajuaje anachokifanya?

Kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu linahusu miguu. Mwaka 2002 Sian Beilock na wenzake waliwachukua wachezaji wa soka waliobobea na wasio wazoefu, wakawapitisha na mpira katikati ya vizuizi vilivyopangwa kwa mstari. Wakati mwingine walitakiwa wafuatilie ni upande gani wa mguu unaougusa mpira, na wakati mwingine walitakiwa wasikilize maneno yanayosomwa na kulitambua neno fulani likitajwa. Waliobobea, wakitumia mguu wao wa kawaida, walifanya vizuri zaidi walipokuwa wakisikiliza maneno kuliko walipokuwa wakiuchunguza mguu. Wasio wazoefu walikuwa kinyume chake. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hata wale waliobobea, walipoambiwa watumie mguu wasiouzoea, walirudi kuwa kama wanagenzi, na kuuchunguza mguu kukawasaidia. Mwili mmoja, kichwa kimoja, miguu miwili yenye mahitaji tofauti.

Kuhusu waliokomaa nakubaliana nawe kabisa, tena kwa uchungu. Nilidaka miaka mingi, na hali inayoniamsha usiku hadi leo ni ya mkwaju mmoja wa penalti. Mpira uko mita 11, lango ni mita 7.32 kwa 2.44, na mimi, ambaye nilikuwa nimeruka maelfu ya mara bila kufikiri, nilianza kujiuliza niruke kwa mguu upi. Mpira haukupigwa kwa nguvu na wala haukwenda kwenye kona; ulipita karibu na goti langu nikiwa bado nauliza. Ari nilikuwa nayo kupita kiasi siku ile, na nadhani hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu nilitaka sana kutokosea, hata nikaanza kujisimamia kama mgeni.

Kocha wa Jioni (mleta mada)

Mzee wangu, nashukuru kwa kuniweka sawa, na jaribio la miguu miwili nimelipokea. Ila naomba tutenganishe mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, umeyaweka kwenye kapu moja. Kuwa makini na kile unachokifanya ni jambo moja. Kuelekeza umakini huo kwenye kiungo cha mwili ni jambo jingine. Waliopanda kwenye mashine ya kuteleza mwaka 1998 walikuwa wakijifunza kazi mpya kwao, na bado fikra za magurudumu ziliwafaa kuliko fikra za miguu. Mwanagenzi anahitaji kuushughulikia mpira kwa akili yake yote, sikatai, lakini anaweza kuufuatilia mpira unavyozunguka na unapotua bila kukihesabia kiwiko chake nyuzi.

Nakubali hata hivyo kwamba kuna siku ya kwanza, ambapo mtoto hajawahi kuona umbo la mwendo na hawezi kulibuni kwa kuitazama ringi tu. Siku hiyo mimi huonyesha kwa vitendo na kufunga mdomo. Nimependa pia njia ya mifano aliyoifuata Rich Masters na wenzake. Mwaka 1992 Masters alionyesha kwamba watu waliojifunza kupiga mpira wa gofu huku vichwa vyao vimeshughulishwa na kazi ya kutaja herufi, wakakosa nafasi ya kujikusanyia kanuni nyingi za maneno, hawakuyumba walipotiwa shinikizo kama walivyoyumba waliofundishwa kwa kanuni. Baadaye, katika tenisi ya mezani, wanafunzi walielekezwa wauchore ubavu mrefu wa pembetatu kwa kibao chao wakati wa kupiga mpira wa kuzunguka mbele. Picha moja ikazibeba kanuni chungu nzima, na mwanafunzi hakulazimika kuikariri hata moja.

Pole kwa ile penalti. Nakuamini unaposema kwamba ari iliyozidi ndiyo iliyokuponza, na ninaiona kama upande wa pili wa hoja yangu: hukukosa bidii, bali bidii yako ilikuwa imegeuka na kukutazama wewe.

Mama wa Mwogeleaji

Nawasalimu, makocha. Mimi si mtaalamu. Ni mzazi ninayekaa kwenye benchi la pembeni mwa bwawa, na kwa miaka minne nimesikia maneno mengi yakisemwa juu ya vichwa vilivyolowa.

Nianze na kosa langu. Binti yangu alipokuwa na miaka tisa nilimwahidi zawadi kila atakapopunguza muda wake. Mwanzoni niliona ni mradi mzuri, maana alijituma kwelikweli siku za kupimwa. Lakini ndani ya miezi michache aliacha kabisa kucheza majini. Zamani mazoezi yakiisha alikuwa akibaki dakika kumi akizama kuokota vitu chini na kujaribu mitindo yake isiyo na jina. Sasa kocha akisema basi, anatoka. Akawa anauliza kabla ya kuingia kama leo ni siku ya kupimwa, na ikiwa siyo, uso unashuka. Tena nilianza kuona kwamba anageuza kichwa kuitafuta saa ya ukutani kabla hajaugusa ukuta, na sidhani kama kuna mwogeleaji anayeongeza kasi kwa kuangalia pembeni. Kwa hiyo, kocha, uliposema kwamba ari na umakini havitengani, mimi niliviona vikishikana mikono kwenye shingo ya mwanangu.

Nilipozungumza na dada yangu ambaye ni mwalimu wa watoto wadogo, alinisimulia utafiti wa mwaka 1973 wa Lepper, Greene na Nisbett. Watoto waliokuwa wakipenda kuchora kwa hiari yao waliahidiwa cheti kizuri wakichora, na baadaye, vyeti vilipokuwa vimekwisha, walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi ya awali, hawakupoteza hamu. Nilijiona humo waziwazi. Niliacha zile ahadi, na haikuwa rahisi. Kwa wiki kadhaa binti alinichukulia kama mtu aliyevunja mkataba, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Swali langu ni kuhusu maji. Kwenye kikapu kuna ringi na kwenye soka kuna lango. Bwawani mtoto anaangalia mstari mweusi wa chini tu. Huo umakini wa nje aupeleke wapi?

Kocha wa Jioni (mleta mada)

Mama, asante kwa ushuhuda huu. Nimejifunza kitu kwenye hilo la kuitafuta saa. Kuhusu maji, jibu liko kwenye maji yenyewe. Badala ya kumwambia avute mikono nyuma, mwambie ayasukume maji nyuma. Mkono unafanya kazi ileile, lakini fikra zimeshuka kutoka kwenye bega zikaenda kwenye kitu anachokisukuma. Watafiti wamewahi kulilinganisha hasa jambo hili kwa waogeleaji wa mtindo huru, na kasi ikawa kubwa kwa waliofikiria kuyasukuma maji. Mkimbiaji vivyo hivyo anaweza kuisukuma ardhi, na mrukaji akaifikiria alama anayotaka kuivuka badala ya kulifikiria paja lake.

Msomaji wa Takwimu

Nimefuatilia mjadala kwa furaha, na ninasikitika kwamba mchango wangu utaumwagia maji baridi. Kazi yangu ni takwimu, na kwa muda nimekuwa nikisoma majadiliano ya ndani ya taaluma hii. Mengi ya majaribio mliyoyataja yalifanywa na makundi madogo ya watu, na katika hali hiyo matokeo yaliyopendeza huchapishwa na yasiyopendeza hubaki kabatini. Mwaka 2021 Chua, Wulf na wenzao walijumlisha utafiti mwingi kuhusu umakini wa nje na kukuta faida inayojirudia. Baadaye Brad McKay na wenzake walizipitia upya hesabu za aina hii, wakaonyesha kwamba ukirekebisha upendeleo wa uchapishaji faida hiyo hupungua sana. Kuhusu mwanafunzi kujichagulia mambo wakati wa mazoezi, uchambuzi wao wa mwaka 2022 ulikuwa mkali zaidi: baada ya marekebisho, faida ilikaribia sifuri. Mnakumbuka madai kwamba kumwacha mtu achague rangi ya mpira wa gofu humfanya ajifunze kupiga vizuri zaidi? Yalichapishwa mwaka 2015, yakasisimua wengi, na mimi leo nisingeyawekea hata shilingi.

Sisemi kwamba mtoto asipewe nafasi ya kuchagua. Mpe, kwa sababu ni mtu, na kwa sababu nadharia ya Edward Deci na Richard Ryan kuhusu haja ya uhuru, haja ya kujiona unaweza na haja ya kuwa sehemu ya wenzako inaungwa mkono na mengi zaidi ya mpira wa rangi. Mtoto anayechagua zoezi la mwisho la siku ana sababu ya kurudi kesho, na anayerudi kesho atajifunza zaidi ya asiyerudi. Hiyo ni njia ndefu ya ari, nami naiamini. Njia fupi, kwamba uchaguzi mdogo hunoa mwendo papo hapo, siiamini.

La pili ni muhimu zaidi, nalo linamhusu kocha moja kwa moja. Umetusimulia kwamba mchezaji wako alibadilika kufikia mtupo wa nne au wa tano. Huko si kujifunza, ni kufanya. Mwaka 1979 Shea na Morgan waliwafundisha watu mienendo mitatu ya mkono. Baadhi walirudia mmoja hadi ukaisha ndipo wakaingia mwingine, na baadhi walichanganyiwa bila mpangilio. Wakati wa mazoezi waliorudia mfululizo waling'ara. Walipopimwa baada ya dakika 10, na tena baada ya siku 10, waliochanganyiwa ndio waliokuwa wamebaki na kitu. Mwaka mmoja kabla ya hapo Kerr na Booth walikuwa wamewapa watoto wa miaka minane vifuko vya kurusha. Kundi moja lilirusha kutoka futi 3 tu, jingine kutoka futi 2 na futi 4, na lilipokuja jaribio la futi 3, walioshinda ni wale ambao hawakuwahi kufanya mazoezi kwenye umbali huo. Kwa hiyo, kocha, kama unataka kujua maneno yako yamefundisha nini, usipime jioni uliyoyasema. Pima siku nyingine, ukiwa kimya.

Mlinda Lango Mstaafu

Mtaalamu, hili la kuchanganya mazoezi nalijua kwa mwili wangu, na hapo ndipo ari inapokuwa mtihani kwa kocha yeyote. Ukiwachanganyia vijana, wanakosa zaidi, wananuna, na wazazi walioko pembeni wanaanza kunong'ona kwamba timu imerudi nyuma. Ukiwarudishia mikwaju 30 ileile kutoka mahali palepale, kila mmoja anakwenda nyumbani akiwa shujaa, na siku ya mechi hakuna mkwaju unaokuja mara ya pili kutoka mahali palepale. Mimi nilikuwa nawaeleza wazi kabla ya kuanza kwamba leo tutakosa sana na kwamba ndivyo zoezi lilivyopangwa. Walikosa vilevile, lakini hawakuyachukulia makosa kuwa hukumu juu yao. Kitu kilekile, ukikitangaza mapema, kinavumilika. Ukinyamaza, kinamfukuza mtoto. Ninatofautiana nawe kidogo kuhusu maji baridi. Hata kama faida ya kuacha kutaja viwiko ni ndogo kuliko tulivyodhani, hasara yake ni ipi? Kocha anayetaja kitu kimoja badala ya vitano amepunguza kelele, na mtoto aliyepunguziwa kelele amepumzika.

Niongeze jambo la macho, maana mlinda lango ni macho. Joan Vickers alipima macho ya wapigaji wa mitupo huru, akachapisha matokeo mwaka 1996. Wapigaji bora waliyatuliza macho yao mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi kabla ya mwendo wa mwisho kuanza, na wale dhaifu waliyahamisha huku na huko. Yeye aliliita jicho tulivu. Tunapomwambia mtoto aweke akili hapa, pengine ingefaa tumwambie kwanza aweke jicho.

Msomaji wa Takwimu

Hasara yake ni ndogo, nakubali. Na hoja ya kelele sina takwimu ya kuipinga.

Kocha wa Jioni (mleta mada)

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tatu, na nitasema yaliyonikuta bila kuyapaka rangi.

Nilimsikiliza mtaalamu wa takwimu. Nilifundisha wiki mbili, mitupo ikiwa imechanganywa na pasi pamoja na mbio, kila mtoto akipewa sentensi moja tu inayohusu mpira au ringi. Kisha tukapumzika siku tatu, na waliporudi nikawapima mitupo 10 kila mmoja, mimi nikiwa nimeketi na nimefunga mdomo. Wengi wao walikuwa mbele kidogo ya walipokuwa mwanzoni, ambalo si jambo la kushangaza kwa watoto waliofanya mazoezi wiki mbili. Wawili hawakusogea. Mmoja, kijana mrefu ambaye ana kawaida ya kuutupa mpira kutoka kifuani, alirudi nyuma. Nilipomwondolea maelekezo ya mwili alirudia tabia yake ya zamani, na kwake ilibidi nimshike mkono, nimwonyeshe umbo upya, jambo ambalo mlinda lango alikuwa amenionya kuhusu wanaoanza.

Mwenzangu alirekodi tena, safari hii nikijua. "Kaza" ilikuwepo bado, hasa dakika za mwisho ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka, na nimegundua kwamba huwa nalisema ninapokosa la kusema.

Yule mchezaji wa kike alifunga mitupo sita kati ya kumi. Alipomaliza nilimwuliza kitu ambacho sikuwahi kumwuliza tangu tuanze, kwamba anapotupa huwa anaangalia wapi. Nilitarajia ataje ukingo wa mbele wa ringi, kwa kuwa ndio niliompa. Alinieleza kwamba ukingo aliuacha siku ya pili kwa sababu ni mrefu na hakujua aushike wapi. Wavu wetu umefungwa kwenye ringi kwa ndoano kumi na mbili, na yeye huchagua ile iliyo mbele yake kabisa, ambayo imeinama kidogo kulia, akaitazama hadi mpira utoke mkononi. Nilisogea hadi mahali alipokuwa amesimama, nikainama ili nilingane naye kwa kimo, nikaiona.